Nani Analipia Ubunifu wa Mwalimu? Shughuli za Darasani Homa Bay na Migori

Tangu Januari 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi katika Gredi ya 1 hadi ya 3, walimu wa shule za msingi nchini Kenya wamekuwa wakiambiwa jambo lilelile: mtoto ajifunze kwa kutenda. Aimbe, aigize, apime, apande, auze, achore, aulize. Semina zimefanyika, miongozo imechapishwa, vitabu vimefika. Hata hivyo, katika shule za Homa Bay na Migori, kuanzia Kendu Bay hadi Muhuru Bay, kutoka Rongo hadi Kehancha, utakuta hali mbili zisizofanana. Kuna darasa ambalo watoto wamekaa sakafuni na kokoto zao, wanabishana juu ya hesabu. Kuna jingine, pengine katika ua huohuo, ambalo watoto 70 wanaitikia kwa sauti moja yaliyoandikwa ubaoni, na ukimwinua mmoja asome peke yake ananyamaza. Walimu wa madarasa hayo huenda walisomea chuo kimoja, Asumbi au Migori. Mtaala ni mmoja, vitabu ni vilevile. Tofauti inatoka wapi?

Jibu la haraka ni vifaa: hatuna chati, hatuna vishikwambi, hatuna karatasi za rangi. Jibu la pili ni mafunzo. La tatu, ambalo wakubwa wa elimu hulipenda kwa sababu haliwagharimu chochote, ni moyo wa mwalimu. Yote yana chembe ya ukweli, lakini naamini hayagusi kiini. Kiini ni muda wa mwalimu. Shughuli nzuri ya darasani ina gharama, na katika kaunti hizi mbili gharama hiyo hulipwa na mwalimu mwenyewe kwa usiku wake na mfuko wake. Mwenye uwezo wa kulipa hulipa kwa muhula mmoja au miwili, kisha huchoka.

Nianze na vifaa, maana hapo ndipo lawama nyingi huishia. Kusini mwa Nyanza hakuna uhaba wa vitu vya kufundishia. Chukua ajua, bao la Waluo, ambalo wazee bado hulicheza chini ya miti sokoni na ambalo mtoto anaweza kulichimba ardhini kwa kijiti. Kete hugawanywa moja moja kutoka shimo hadi shimo. Mchezaji aliyelizoea hahesabu tena kimoja kimoja. Hulitazama shimo akajua kete ya mwisho itaangukia wapi. Hiyo ni hesabu ya kichwani ambayo mwalimu wa Gredi ya 2 huitafuta kwa jasho. Anachohitaji ni kuongeza swali: ukianza na shimo hili lenye kete 7, ya mwisho itaishia wapi, na umejuaje? Swali la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu linamlazimu mtoto kueleza njia aliyopitia, na mwenzake akisikia njia hiyo anaweza kuipinga.

Au chukua kora, mchezo wa kokoto ambao wasichana huucheza kila mapumziko. Mchezaji hurusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka anazikokota kokoto kadhaa kutoka katika duara. Akirusha tena anazirudisha zote isipokuwa idadi inayotakiwa, kwanza moja, halafu mbili, halafu tatu. Huko ni kutoa, tena kwa kasi ambayo ubao hauwezi kuidai. Ajabu ni kwamba msichana huyohuyo, kengele ikilia na akaingia darasani, huandikiwa 9 toa 6 akaanza kuhesabu vidole. Hajui kwamba ameshafanya hesabu ile mara kadhaa uani, na hakuna aliyemwonyesha.

Kona ya duka ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu karibu kila darasa la gredi za chini lina kona hiyo. Ukutani kuna rafu ya mbao au maboksi yaliyopangwa, juu yake pakiti tupu za majani chai na mikebe ya mafuta ya kupikia, na noti zilizochorwa kwa mkono. Katika shule nyingi duka hilo hupata wateja siku ambayo wageni wanatarajiwa. Lakini lilete duka ufuoni. Mtoto wa Mbita au wa Sori anajua omena, dagaa wa ziwani, huuzwa kwa gorogoro, ule mkebe mkubwa wa kupimia, na kwa mikebe midogo. Amemwona mamake akipima, akamwona mnunuzi akilalamika. Mwulize: mikebe mingapi inajaza gorogoro moja? Anayenunua kwa mkebe na anayenunua kwa gorogoro, nani analipa zaidi? Kisha mpe swali ambalo watu wazima wengi hawajawahi kujiuliza: mbona gorogoro la mahindi ni zito kuliko gorogoro la omena kavu, na chombo ni kilekile? Hapo watoto watabishana, watapima kwa mikono, watatafuta mizani, na tofauti ya ujazo na uzito itakuwa imeingia bila mtu kuandika maelezo ya kukariri. Swali moja kama hilo lina thamani kuliko ukuta mzima wa chati zilizonunuliwa.

Kwa gredi za juu utajiri ni mkubwa vilevile. Ngome ya Thimlich Ohinga, iliyotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, iko Migori kwenyewe: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, na bado zimesimama. Wape watoto mawe ya uwanjani wajenge ukuta wa kufika magotini bila kitu cha kuyashikanisha, waone unavyoporomoka, wajenge tena. Baada ya jaribio la tatu watakuwa wanajua kwa nini jiwe kubwa hukaa chini na kwa nini viungo havipangwi mstari mmoja. Kisiwani Rusinga ndiko Mary Leakey alikoliona fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948, na ndiko alikozikwa Tom Mboya. Mfangano kuna michoro ya kale miambani. Watoto wengi wa kaunti hizi humaliza shule ya msingi bila kufika popote katika sehemu hizo, kwa kuwa basi ni ghali. Sawa, basi ni ghali. Lakini mawe hayahitaji basi, na bibi anayekumbuka hadithi za Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, au za kijiji kilichozama ziwani Simbi Nyaima, anaweza kualikwa darasani kwa gharama ya kikombe cha chai.

Kwa hiyo vifaa vipo. Tatizo linalofuata ni gumu zaidi, nalo ni kwamba si kila shughuli inayochangamsha darasa inafundisha. Hili halisemwi vya kutosha. Wimbo wenye makofi na miondoko hupendeza, mkaguzi hutabasamu, na watoto hufurahi kweli. Ila mtoto anaweza kuimba herufi zote kwa mpangilio asiitambue hata moja ukimwonyesha peke yake. Kuitikia kwa pamoja kuna hatari hiyohiyo. Mwalimu akiuliza, “Tumeelewana?” darasa zima hujibu, “Ndiyo, mwalimu!” Sauti za watoto 20 wanaojua huwafunika 50 wasiojua, na mwalimu hutoka darasani akiamini somo limeingia.

Kipimo changu ni kimoja. Mwisho wa shughuli, kila mtoto, siyo kundi, amefikiri nini kwa kichwa chake, na mwalimu amekionaje? Kwa kipimo hicho, shughuli duni kwa macho inaweza kuwa bora. Kila mtoto awe na kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi, au hata kijiti na udongo laini uwanjani. Mwalimu anataja neno, watoto wanaandika, mwalimu anasema, “Onyesha!” na vibao vyote 70 vinainuka kwa wakati mmoja. Kwa muda mfupi mwalimu ameona nani anajua na nani ametazama kwa jirani. Hakuna wimbo hapo, wala gwaride la maigizo, lakini hakuna aliyejificha.

Kusoma kunastahili kusemwa kwa kina, kwa sababu mtoto asiyesoma kufikia Gredi ya 3 hana la kufanya na shughuli nyingine zote. Kenya imejifunza mambo ya maana hapa. Katika miaka ya 1990, watafiti akiwamo Michael Kremer, aliyekuja kutuzwa Nobel ya uchumi mwaka 2019, walichunguza shule za Busia zilizopewa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni watoto waliokuwa tayari mbele, maana vitabu vile vya Kiingereza vilikuwa juu ya uwezo wa wengi. Mwaka 2005, yeye pamoja na Esther Duflo na Pascaline Dupas walifuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizoongezewa mwalimu wa pili wa darasa la kwanza. Katika baadhi yake watoto waligawanywa kulingana na walipofikia kimasomo, na huko walioanza chini na walioanza juu wote walisonga mbele kuliko kule walikochanganywa. Kisha ikaja Tusome, mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani: kila mtoto na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu na mwongozo wa somo kwa somo, na maafisa wa mtaala wakizunguka shuleni na vishikwambi kusikiliza watoto wakisoma. Mfumo wake ulikuwa mwepesi kukumbuka. Mwalimu anafanya kwanza, kisha wanafanya pamoja, kisha mtoto anafanya peke yake.

Wapo waliolalamika kwamba mwongozo ule uliwafunga walimu. Nayaelewa malalamiko hayo, lakini siyakubali yote. Kwa mwalimu mwenye masomo saba na watoto 70, kupewa mpango uliokamilika ni kurudishiwa saa za jioni. Lililokosekana ni kuulinganisha na mahali. Mwongozo ulioandikwa Nairobi kwa nchi nzima hauwezi kujua kwamba Dholuo haina sauti ya “sh” wala ya “z”, na kwamba mtoto wa Ndhiwa atasema “samba” akimaanisha shamba mpaka sikio lake lizoezwe. Hauwezi kujua kwamba ng'ambo ya pili ya Migori, Kuria, shida itakuwa “l” na “r”. Mwalimu wa pale ndiye ajuaye, naye anaweza kuchora mistari miwili chini: ukisikia “sindano” ruka kushoto, ukisikia “shindano” ruka kulia. Kehancha iwe “kura” na “kula”. Mchezo wa dakika 5, haugharimu senti, na kila mguu unamwambia mwalimu sikio lipi bado halijapambanua.

Sera inasema gredi za chini zifundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Ripoti ya kamati ya Gachathi ilipendekeza hivyo tangu 1976. Jaribio lililofanywa Machakos kwa Kikamba na Bungoma kwa Lubukusu lilionyesha watoto wakisoma vizuri zaidi katika lugha yao pale walipofundishwa kwayo. Huku kwetu sera hiyo hutekelezwa nusunusu. Mjini Migori, Isebania na Rongo darasa moja lina Waluo, Wakuria, Wakisii na Waluhya, hivyo Kiswahili ndicho lugha ya kucheza na ndicho kingefaa kufundishia. Mfangano bado kuna wazee wanaozungumza Olusuba, lakini watoto wengi hukua na Dholuo. Vijijini wazazi wengi hudai Kiingereza tangu siku ya kwanza kwa kuogopa kuachwa nyuma na shule za kibinafsi. Matokeo yake ni mtoto wa miaka 6 anayeagizwa kufanya shughuli ambayo maagizo yake hayaelewi. Anawatazama wenzake na kuiga mikono yao. Hadithi za Apuoyo na Opuk, sungura na kobe, zisimuliwe kwa lugha ya nyumbani kwanza, ziigizwe, kisha zisomwe kwa Kiswahili. Mtoto anayeijua hadithi hutafuta neno akijua anachotafuta.

Rejista ya mahudhurio nayo ina mengi ya kumwambia mchambuzi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta samaki. Mwezi mpevu ukiwaka, mitumbwi hupumzika. Mwalimu wa shule ya ufuoni anayefundisha kwa makini huona jambo hilo katika mahudhurio: wavulana wakubwa hupungua au husinzia majuma ya giza, na wasichana hubaki nyumbani asubuhi kuanika samaki. Awendo na Uriri ni miwa. Nyatike, upande wa Macalder, ni dhahabu. Watoto huonekana wakibeba na kuponda mawe, na zebaki inayotumika kusafishia haijali umri wa mkono unaoigusa. Kuria kuna tumbaku, na kuna misimu ya tohara ambayo kwa wasichana ni ukeketaji, jambo lililopigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011 lakini bado huwatoa wengine shuleni moja kwa moja. Mwalimu anayepanga shughuli ya majuma mawili, ambayo sehemu ya pili inategemea ya kwanza, huwapoteza watoto hawa kabla haijafika kati. Huku shughuli inapaswa kuanza na kuisha ndani ya kipindi kimoja, ili aliyekosa jana aweze kuingia leo bila aibu. Hilo halimo katika mwongozo wowote niliouona, na ni la lazima.

Nyumbani pia si kama mtaala unavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay akiishi na virusi vya Ukimwi, asilimia 19.6, na Migori asilimia 13. Dawa zimeokoa maisha mengi, lakini miaka iliyopita iliacha yatima wengi, na nyumba nyingi zinaongozwa na nyanya. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kila mojawapo ya kaunti hizi wamewahi kupata mimba, ilhali kiwango cha taifa ni asilimia 15. Baadhi yao wako gredi za juu za shule ya msingi au shule ya sekondari msingi, wakubwa kwa umri kuliko wenzao. Mwalimu huyu anayetarajiwa kubuni michezo ya sehemu na desimali ndiye pia anayetafuta sodo kwa msichana aliyeinama kwenye dawati, anayempigia chifu simu, anayekwenda jioni kumwomba nyanya amrudishe mtoto.

Ndiyo maana kazi za nyumbani za mtaala huu zimezua kilio kikubwa. Mwezi Septemba 2021 wakili Esther Ang'awa alikwenda Mahakama Kuu kuupinga mtaala wenyewe, na wazazi mijini walilalamika juu ya kuchapisha picha saa tatu usiku. Vijijini kilio ni cha aina nyingine. Ukimwagiza mtoto alete picha ya familia yake iliyochapishwa, au amhoji babake juu ya kazi yake, umewatenga baadhi yao mbele ya darasa. Agizo libadilishwe kidogo tu: mwulize mtu mzima yeyote wa nyumbani jinsi mahindi yalivyohifadhiwa zamani. Nyanya atakuwa na jibu refu kuliko la baba yeyote.

Sasa tufike kwenye saa za mwalimu. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30. Mwalimu mwenye watoto 70 akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa dakika moja, anahitaji dakika 70, zaidi ya vipindi viwili. Akisahihisha daftari moja kwa nusu dakika, na siku hiyo watoto wameandika katika masomo manne, hizo ni daftari 280, dakika 140. Bado hajaandika andalio la somo la kesho, hajajaza rekodi ya kazi, hajaweka kila mtoto katika mojawapo ya ngazi nne za matarajio. Kuna tathmini ya utendakazi ya TSC, tume inayoajiri walimu, inayofanywa tangu 2016, ya kujazwa mtandaoni. Kuna majaribio ya KNEC, baraza la mitihani, ya kupakuliwa, kuchapishwa, kufanywa na kisha alama kupakiwa, mara nyingi kwa bando ya mwalimu mwenyewe na kwa kutafuta mahali simu inaposhika mtandao. Juma la zamu yake anafika kabla ya watoto na kuondoka baada yao. Na kama ni mama, kazi ya pili inamngoja nyumbani.

Weka sasa juu ya hayo shughuli iliyoandaliwa vizuri. Vifuniko 10 vya soda kwa kila mtoto ni vifuniko 700 vya kukusanya na kuosha. Kadi za silabi ni maboksi ya kukata kwa wembe. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku za mwaka hazifiki shilingi 4 kwa siku, na mara nyingi huchelewa na kukatwa. Pesa hizo ndizo za chaki, ukarabati, umeme na mitihani. Tangu Januari 2023, Gredi ya 7 ilipowekwa katika shule za msingi, na kufikia 2025 hadi ya 9, madarasa yamegawanywa na baadhi ya walimu wa msingi wamevutwa kuziba pengo la juu. Walioajiriwa na bodi za shule, wale walimu wa BOM, hulipwa kile ambacho wazazi wamefaulu kuchanga. Mwanagenzi wa TSC katika shule ya msingi amekuwa akipokea posho ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Ni vijana wenye ari kuliko wengi, na mara nyingi wao ndio hubuni michezo mipya; mkataba ukiisha au mchango ukikosekana, huondoka katikati ya mwaka na michezo yao ikaondoka nao.

Katika mazingira hayo, mwalimu anayerudia ubao na kiitikio hafanyi uvivu. Anafanya kinachowezekana kwa saa alizo nazo. Na fimbo nayo hurudi kwa njia hiyohiyo. Sheria iliikataza tangu 2001, Katiba ya 2010 ikathibitisha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikataja adhabu, lakini bado inasikika. Darasa lililojaa, lenye watoto wasioelewa maagizo na mwalimu aliyechoka, huwa na kelele, na kelele hutafuta njia ya mkato. Ninaichukia njia hiyo. Mtoto anayeogopa kipigo hatajaribu jibu asilolijua, na bila kujaribu hakuna shughuli itakayomfaa.

Hata hivyo zipo shule ambazo mambo yanakwenda, na ukitazama kwa makini huoni kipaji cha ajabu, unaona mpango wa kuokoa muda. Walimu wa gredi za chini huandaa pamoja: mmoja kadi za silabi, mwingine vibao, wa tatu vitu vya kuhesabia, na vyote hutunzwa katika sanduku linalozunguka madarasa, hivyo vilivyotengenezwa mwaka jana hutumika mwaka huu. Watoto wenyewe hukusanya na kuosha vifuniko. Muhimu kuliko yote, shughuli ni chache na hurudiwa. Michezo minne au mitano ambayo watoto wanaijua kanuni zake, na kinachobadilika ni yaliyomo: leo mistari miwili ni ya sauti, kesho ni ya namba shufwa na witiri, keshokutwa ni ya wanyama wa majini na wa nchi kavu. Mwalimu hapotezi dakika 10 kueleza mchezo mpya, na mtoto hatumii akili yake kuelewa kanuni bali kulifikiria somo. Semina nyingi husifu upya kila siku. Mimi naona upya wa kila siku ndio unaowachosha walimu na kuwachanganya watoto.

Jambo lingine ni kugawa watoto kwa usomaji wao, angalau kipindi kimoja kwa siku, bila kujali gredi: walio kwenye herufi pamoja, walio kwenye silabi pamoja, wanaosoma aya pamoja, na wale wanaosoma hadithi wakisaidia walio nyuma. Hili halihitaji pesa. Linahitaji mwalimu mkuu aliye tayari kupanga upya ratiba na kukubali kwamba mvulana wa Gredi ya 5 atakaa na wa Gredi ya 2 kwa nusu saa bila kuchekwa.

Marekebisho yaliyofuata ripoti ya jopo la Profesa Raphael Munavu ya mwaka 2023 yalipunguza masomo ya gredi za chini kutoka 9 hadi 7, na ya Gredi ya 4 hadi ya 6 kutoka 12 hadi 8. Huo ni uamuzi mzuri kwa mwalimu wa darasani, na usiishie hapo. TSC iwape kazi ya kudumu walimu wa BOM na wanagenzi ambao tayari wako mbele ya watoto Nyatike, Suba na Kuria, kabla ya kutafuta wapya. Wizara ilete pesa za wanafunzi muhula unapoanza, siyo unapoisha. KNEC na TSC wakubaliane mwalimu ajaze taarifa za mtoto mahali pamoja, mara moja. Wewe mwalimu mkuu, wape walimu wako wa gredi za chini alasiri moja kwa juma ya kuandaa pamoja, wala usiwaitie mkutano siku hiyo. Na wewe mzazi wa Homa Bay au Migori, usimnunulie mtoto kifaa cha shule kabla hujachimba naye mashimo ya ajua nyuma ya nyumba na kumwuliza kete ya mwisho itaangukia wapi.